Mbwa Aliyeingia Chumba cha Mama

Birongo,
7 Mei, 1972.

Kwa ndugu yangu Walter,

Salamu zikufikie huko Nakuru, wewe na wifi yangu Drusilla pamoja na watoto. Natumaini mu wazima na kazi ya ofisi inaendelea vyema. Huku sisi tunamshukuru Mungu. Mvua haijatunyima, mahindi yamefika magotini, na mume wangu anakusalimu. Salamu hizi nakupa kwa sababu tulilelewa kwa adabu, si kwa sababu moyo wangu umetulia.

Barua yako nimeipata. Umeandika kwamba umeniondolea aibu na unangoja nikushukuru. Walter, sikushukuru. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaitia mfukoni, nikaenda kupalilia mpaka mpini wa jembe ukavunjika. Najua hasira ni hasara, na hasara ya kwanza imempata mume wangu, maana jembe ni lake.

Kwanza nikueleze mbwa yule alitoka wapi, kwa sababu umewaambia watu nilimwokota jalalani. Agosti iliyopita nilipokwenda Nairobi kwa mafunzo ya walimu, nilimtembelea Anyiko, rafiki yangu tuliyesoma naye. Ameajiriwa mahali wanapotunza mbwa walioachwa, kazi yake ni kuosha vibanda na kuwapikia. Wengi ni mbwa wa Wazungu waliorudi kwao. Anyiko aliniambia wenyewe huja wakilia, wakawabusu mbwa puani, kisha wakapanda gari na kuwaacha. Mmoja alikuwa jike mzee kidogo, rangi ya vumbi, sikio moja limechanika. Alikuja akaegemea mguu wangu, akatulia hapo. Mimi sikuwa nimekwenda kutafuta mbwa, lakini nilikumbuka wezi wanavyokata ndizi za Mama, nikamwomba.

Kumbe mbwa haombwi hivi hivi. Mama wa Kizungu anayesimamia mahali pale aliniketisha, akaniuliza kama nyumbani kuna ua, nani atampikia, atalala wapi mvua ikinyesha, na kama kuna mtu mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Nilimnong'oneza Anyiko kwamba mimi nilipoolewa hakuna aliyemwuliza bwana wangu hata moja kati ya hayo. Anyiko alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Mwishoni yule mama alinitaka niahidi kwamba mbwa hatafungwa mnyororo mchana kutwa, wala hatapewa mtu mwingine. Niliahidi. Ahadi yangu umeivunja wewe.

Nilipomfikisha nyumbani, Mama alilikataa jina lake la Kizungu, akamwita Omogeni, yaani mgeni. Ni kweli kwamba kwa ulinzi alikuwa bure kabisa. Wezi walikata mkungu mzima yeye akiwatazama. Baba mdogo Obwocha alisema hata kuku angepiga kelele, na kijiji kizima kikanicheka. Nilikasirika hata mimi, nikataka kumrudisha, lakini Mama akakataa.

Sasa tuje Pasaka. Ulikuja na rafiki zako wa ofisini, mkaketi sebuleni kwa Mama, mimi nikawamiminia chai. Omogeni akainuka, akapita katikati ya miguu yenu, akasukuma mlango na kuingia chumba cha ndani. Yule rafiki yako mnene akauliza kwa kucheka kama huyo ndiye mwenye nyumba. Niliona uso wako ulivyobadilika. Ulisema tangu utoke jandoni hujavuka kizingiti kile, kwa heshima ya mama aliyekuzaa, na leo mbwa wa Wazungu analala kando ya kitanda chake. Baba mdogo akakuunga mkono, akasema huo ni mwiko. Nilipokusihi umwache, uliniambia mwanamke aliyeolewa hana sauti katika boma la baba yake. Mbele ya wageni, Walter! Mimi niliyekubeba mgongoni!

Ukamwita kwa kipande cha mkate, akakujia bila wasiwasi, ukamfunga na kumtia nyuma ya gari. Mama akaja mlangoni akishika mwimo. Ukamwambia utampa mfanyabiashara wa Kericho akalinde duka. Mama akajibu sawa, mwanangu. Ukaondoka ukidhani umepata baraka.

Sasa nisikilize. Haya ninayoandika Mama alinishikisha Biblia nisikwambie wewe wala mtu yeyote, na leo navunja kiapo hicho, Mungu anisamehe. Mama haoni. Jicho la kulia lilianza kuingia giza baada ya Baba kufa, na la kushoto likafuata. Siku hizi anachoona ni mwanga wa mlango tu. Wewe ulikasirika kwamba alikutazama bila kukusalimu mpaka ulipokohoa. Hakujua kwamba ni wewe. Kama ungeweza kuingia chumba kile ungejua mara moja, maana kila kitu kimefungwa kamba ya kumwongoza, kutoka kitandani hadi mekoni. Mimi binti naruhusiwa kuingia, nikaona. Ninyi wana mnaishia sebuleni, mnakunywa chai.

Hakuna aliyemfundisha Omogeni. Siku moja Mama alipotea njia akaelekea mtaroni, mbwa akasimama mbele ya magoti yake, akakataa kabisa kuondoka. Tangu hapo Mama akamfunga kamba, akawaambia watu kwamba ana tabia ya kufukuza kuku wa majirani. Wote waliona mwanamke mzee akivutana na mbwa mjinga. Hivyo ndivyo alivyofika mtoni, shambani, na kanisani kila Sabato, mbwa akimngoja chini ya dirisha mpaka wimbo wa kufungia.

Utauliza kwa nini alikuficha. Umemsahau shangazi Nyanchera? Alipopofuka, wanawe walimhamishia kibanda cha nyuma, wakagawana mashamba yake angali hai, akawa anatupiwa chakula kama kuku. Mama ndiye aliyeuosha mwili wake. Na wewe, Pasaka hiyo hiyo, ulimwuliza Mama kama ile migomba yake haiwezi kung'olewa upande majani chai. Angempigania mbwa, ingebidi aseme sababu. Akasema sawa.

Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani. Anawaambia wazee wa kanisa ni miguu inamwuma. Juzi alijaribu kwenda mtoni peke yake, na jirani yake Mong'ina alimkuta ameketi majini, maji yakimfika kiunoni. Alipoulizwa, alisema anafua. Alikuwa akifua nguo alizovaa! Mong'ina alinisimulia akicheka, kwa kuwa hajui.

Kwa hiyo nenda Kericho. Usitume mtu, nenda wewe. Ukimkuta Omogeni kwenye mnyororo, mfungue kwa mikono yako, umlete nyumbani. Usimwambie Mama kwamba unajua. Mwambie mfanyabiashara amemkataa kwa sababu habweki, naye atakuamini. Habari ya majani chai usiitaje tena mpaka tutakapomzika. Baba mdogo akifungua mdomo, mwambie aje kwangu Birongo.

Na kama mbwa amekufa au amepotea, basi acha hiyo ofisi yako, uje kila alfajiri umshike Mama mkono mpaka mtoni, umrudishe, na siku ya Sabato umngoje chini ya dirisha. Lakini chumbani hutaweza kumfuata, Walter. Mbwa alikuwa anaweza.

Msalimie Drusilla na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu awalinde, na akupe safari njema ya Kericho wiki hii, si wiki ijayo.

Ni mimi dada yako, ambaye bado sijakusamehe,

Kemuma