Gauni la Anna

Jumatano, baada ya rozari

Nimechoka, Mungu wangu. Jana Anna, mwanachuo wa bweni langu, alirudi analia. Wachezaji wawili wa timu ya chuo wamembaka. Nikamwogesha, nikamfulia gauni, kama mama yeyote.

Leo nilipompeleka Anna kituoni, polisi kaniuliza, "Gauni liko wapi?"

"Nimelianika."

"Mama, umefua ushahidi."

Mkuu wa chuo naye ananiambia, "Matroni, tungoje kwanza mechi na Namtumbo ipite."

Nilimweleza Anna kosa langu. Akanishika mkono. "Lakini mama, wewe uliniona nilivyorudi."

Ndiyo, nilimwona. Kesho nakwenda polisi kuandikisha maelezo yangu mwenyewe, hata chuo kikiniweka kwenye orodha ya wanaopunguzwa kazi.

Gauni bado liko kambani. Nimeshindwa kulianua.