Mlango Ambao Haukuvunjwa

Ukunda,
Ijumaa, baada ya swala

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Swabir,

Shikamoo baba. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba lile goti limepoa tangu uanze dawa za hospitali. Mimi huku sijambo, alhamdulillahi, ila usingizi umeniadimikia.

Hukosi kuniuliza riwaya yangu imefika wapi, ukinitania kwamba hata tembo huzaa upesi kuliko mimi. Imefika pagumu. Unajua inahusu mwaka ule majirani zetu wa bara walipofukuzwa Tiwi. Kabla sijaanza nilisoma riwaya za Afrika Kusini, zile zilizoandikwa baada ya sheria za ubaguzi wa rangi kufutwa, nione wenzetu wanaiandikaje damu. Wapo wanaoipamba mpaka inanukia. Wapo wanaosema umati uliua, na umati hauna mama wala jina. Hao wa pili nikawaiga, maana kusitiri ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Hata nyumbani twasema "yale mambo", basi.

Nikaandika kwamba umati ulivunja mlango wa jirani yetu Mzee Mutunga ukamuua. Juma lililopita nikaenda kumsomea mjane wake, Mama Ngina. Alirudi zamani kwenye shamba lao, na bado anafuga ng'ombe. Alinipa chai, akasikiliza hadi mwisho, akakisifu Kiswahili changu. Kisha akasema:

"Ila mlango haukuvunjwa, mwanangu. Alipiga hodi, nami nikajibu karibu. Ningemwachaje mtu nje?"

Baba, niliona haya. Sentensi zangu zote nzuri zilinichukiza. Nikamwomba jina la huyo aliyepiga hodi. Alikataa, akasema nimwache mzee wa watu, yeye keshamwachia Mungu. Nikamsihi sana. Ndipo akaniambia sauti aliijua, kwa kuwa mwenye sauti hiyo alikuwa akija kwake kila asubuhi kununua maziwa ya mtoto wake mchanga aliyefiwa na mama.

Mtoto huyo ni mimi. Marehemu bibi alinisimulia mara nyingi maziwa yale yalitoka kwa nani. Wewe uliniambia yale mambo yalipotokea tulikuwa tumeshahamia Msambweni.

Nakupenda baba, na ninaogopa. Sijui kama ulishika panga, au walikutanguliza mlangoni kwa kuwa sauti yako imezoeleka. Hilo ni lako kuniambia. Lakini umati nimeufuta. Nimeandika hodi, nimeandika karibu, na mbele yake nimeacha nafasi. Kitabu kinakwenda kwa mchapishaji baada ya Idi. Ukinijibu, nitaandika utakachosema. Ukinyamaza, nitaandika jina lako.

Nisalimie mama mdogo na wadogo zangu wote, umwambie Biasha asome kwa bidii. Mama Ngina naye ameniuliza hali yako. Nimemwambia u mzima.

Ni mimi binti yako,
Twaiba