Namba ya Mbung'o wa Luama

Baba Salima,

Salamu zikufikie ulipo. Ninaandika kwa herufi ulizonifundisha wewe mwenyewe, zikipinda usinicheke. Salima amezaa mutoto wa kiume, tumemupa jina lako. Tuko wazima, ila hatuko tena nyumbani. Serikali ilituhamisha toka ukingo wa muto Luama, ikatupanga kando ya barabara ya Kasongo. Mingazi yetu ya mawese ilibaki kule. Kaburi lako pia. Kwenda kule kunataka karatasi ya ruhusa, na mimi wameninyima.

Ulikufa bila kujua kazi yako ilizaa nini, basi nisikilize.

Muzungu wa ugonjwa wa malale alitaka kujua mbung'o wanaouleta ni wengi kiasi gani kwenye kila ukingo wa muto. Hakuweza kuwahesabu wote. Akatuma watu wachache wenye nyavu ndogo, kisha akagawa waliokamatwa kwa hesabu ya watu na ya saa. Ulitembea bila shati, kitambaa cheusi mugongoni, ili wadudu wakufuate wewe. Ukirudi jioni unasema, "Leo tena nimewashinda wote, Mama Salima." Siku moja muzungu alikupiga bega mbele ya wenzako. Wiki nzima ukalitaja bega lile.

Ng'ambo alipewa shemeji yako Saidi na wenzake. Wale walijilaza kivulini, wakarudi na chupa karibu tupu. Ulimwita muvivu. Nami nikacheka pamoja na wewe.

Kisha shingo yako ikavimba nyuma. Ukaificha kwa kola, ukasema ni jipu. Ukaanza kusinzia na tonge mukononi. Walipokudunga sindano zao za malale, dawa ikakupotezea macho kwanza. Nilikuongoza kwa mukono hadi chooni, wewe uliyemuona mududu kabla hajatua. Halafu ukaondoka.

Arobaini yako haijafika, wakaja na habari: namba ya upande wetu ni kubwa mno, muji uhame. Ng'ambo namba ni ndogo, wao wabaki. Muto ni ule ule, Baba Salima. Musitu ni ule ule. Leo Saidi anavuka kwa mutumbwi kuvuna ngazi za mingazi yetu.

Nilikuwa edani. Nikatoka hivyo hivyo, nikasimama mbele ya wanaume, nikamuambia yule muzungu: "Bwana, mume wangu alikuwa anakimbia, wale wa ng'ambo walikuwa wanalala. Umepima mbung'o ao umepima watu?"

Afadhali angenifokea. Alivua kofia. "Mama, najua," akasema. "Ilifaa nibadilishe washikaji wa mbung'o, wa huku waende kule, wa kule waje huku. Ndipo namba zingeweza kulinganishwa. Lakini mvua ilikuwa karibu, na wakubwa walitaka ripoti."

Alijua. Asingejua, ningemuachia Mungu nikalala.

Hata wewe, nina kinyongo na wewe. Nani alikutuma kukimbia vile? Ulitaka kusifiwa. Ukatoa damu yako, na muji wetu juu yake. Najua ungenijibu nini, maana ulinijibu siku ile nilipokupaka mafuta mugongoni palipoumwa: "Kila ninayemukamata hatamuuma Salima." Nimeacha kalamu, nimelia, nimeishika tena. Kinyongo hakijaisha.

Sasa amekuja muzungu mwingine toka Kabambare, anapima huku barabarani. Amemuchagua mume wa Salima, kwa sababu kijana ana mbio kama wewe. Alikuja kwangu kifua mbele. Nilimuwekea chakula, nikangoja anawe mikono, nikamuambia: "Keti kivulini. Wakija wengi, kamata mumoja, wengine waache waende."

Akasema, "Mama, huo ni uongo."

Ni uongo, Baba Salima. Labda namba hiyo ndogo itamuficha mbung'o atakayemuuma mujukuu wetu mwenye jina lako, na hakuna muganga atakayekuja kwa wakati. Hilo pia linaninyima usingizi. Lakini namba ya kweli wewe uliitafuta kwa mwili wako, na hawakuwa na nafasi hata ya kuipima vizuri.

Lala salama, mume wangu. Mungu akupanulie mahali pako. Nakuahidi neno moja tu: mukwe wako atakuwa muvivu, na mimi ndiye nitakayemufundisha.

Mukeo,
Mama Salima