Jicho langu na mulija wa kasiksi

Furaha mujukuu wangu, habari za Kinshasa? Huku Nguba tuko, maman yako anakusalimia, na mimi niko kijana, ila nimechoka tu.

Umeniuliza nitachagua nini kwa jicho hili lenye kumwaga machozi kwa sababu katundu ka kuyapitisha kamefinyana: dokta akapanue na kachuma, akakate kidogo, ao aingize kamupira kembamba ka kuyapitisha.

Zamani kule Nyantende, hakuna aliyenishinda kunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Siku moja mulija wangu uliziba. Nikauchokoa na jani, pombe ikapita, kisha ukaziba tena. Papa akacheka: “Bingwa, utachokoa mpaka wenzako wamalize?” Akaukata mudomo ule mulija na kisu. Nikanywa mpaka chini.

Dokta naye anasema katundu kakipanuliwa tu kanaweza kuziba tena. Kamupira kanasaidia, lakini kwangu anapendelea kukata. Basi akate.

Tulipomuzika bibi yangu niliyemuoa, koko wako mwanamuke, watu waliniambia: “Muzee, jicho lako tena?” Kumbe mimi nilikuwa ninalia kweli. Nataka likauke, ili siku nikilia mutu anishike mukono.

Koko wako, bado mwanaume muzuri kuliko wote Nguba.