Uji wa Mama Neema

Shikamoo Bibi,

Newala kuna baridi, na upepo umejaza vumbi hadi ndani ya Biblia uliyonipa. Jana sisi vijana wa kambi ya kanisa tulifunga, ili tuonje majaribu ya Yesu jangwani. Mwenyeji wetu, Mama Neema, hakuambiwa. Mchana akatuletea uji wa muhogo. Maji ya kuupikia aliyateka bondeni, akapanda mlima nayo kichwani.

Kiongozi wetu akamwambia, "Mama, usiwe shetani wa kutujaribu." Wenzangu wakacheka.

"Haya, shetani anaondoka na sufuria yake," akasema.

Bibi, katika sura ile uliyonisomea, shetani alikuwa na mawe tu. Waliomhudumia Yesu walikuwa malaika. Nilimfuata Mama Neema jikoni nimwombe kikombe kimoja, mfungo na uvunjike. Nilikuta ameshawamwagia kuku uji wote.

"Kafunge, baba," alinijibu bila kugeuka. "Nyie ni watakatifu."

Nilifunga hadi jioni, wala sijui nilishinda nini. Nakuombea afya, Bibi wangu. Mtu akikuletea uji, unywe mbele yake, ungali wa moto.

Mjukuu wako,
Yohana