Maneno ya Alhamisi

Morogoro mjini
3 Machi 2002

Mpendwa Mjomba Kasiani,

Shikamoo. Natumaini wewe na mkaza mjomba mu wazima, na mguu wake umepata nafuu. Mimi sijambo, ila vumbi la huku Mji Mpya limenipa mafua yasiyokwisha. Tangawizi uliyonitumia kwa mkono wa Catherine aliposhuka mjini imefika. Asante sana.

Mjomba, nina jambo. Ile kaseti ya mazungumzo yetu ya Alhamisi, ile ya msamaha, nimeisikiliza mpaka utepe umeanza kulia. Najua kanuni ya kikundi chetu cha sala, sisi Waalhamisi: aliye mbali hupewa kaseti, akishasikiliza huirudisha kwa mkono, na haendi kumsikilizisha jirani. Lakini hapa kwenye duka la intaneti ninapofanya kazi, wanafunzi wa chuo cha Mazimbu wamenifundisha kutengeneza ukurasa ambao mtu yeyote duniani akiwa na kompyuta anausoma. Walokole wameweka mahubiri yao, masheikh wameweka darsa zao, hata waganga wanajitangaza humo. Sisi peke yetu tumewasha taa tukaifunika kwa pishi.

Naomba ruhusa niandike maneno yako, niyaweke humo. Hakuna atakayelipa wala kulipwa. Watu wana njaa ya maneno kama yale, Mjomba, nawaona hapa kila siku.

Wako mtiifu,
Mpwa wako Judith


Matombo
19 Machi 2002

Mpwa wangu Judith,

Marahaba. Huku hatujambo, isipokuwa mvua imekata barabara tena kabla ya Mkuyuni na barua yako imenifikia imelowa. Mkaza mjomba wako anachechemea lakini mdomo mzima, anakusalimu.

Ombi lako nimelisoma mara mbili, na mara zote limenikera. Tangu soko huria lituingilie, kila kitu kimekuwa cha kutandaza chini kama mitumba. Hata maji yametiwa kwenye chupa, na sisi tunaokaa juu ya chemchemi tukishuka mjini tunayanunua. Sasa na haya pia?

Unasema maneno yangu. Mimi sina maneno. Mtu anakaa mkekani, anatoa lililomkaa rohoni, nami nalichukua hilo hilo, naligeuza, nawarudishia. Ondoa watu, hakuna kinachobaki. Hiyo ya msamaha ni ya Leonard. Ulikuwepo siku aliposema kwamba moto ulioteketeza migomba na mdalasini wa Paskalia ni yeye aliyeuwasha akisafisha shamba, akauacha akaenda kunywa. Mjane wa watu akamsamehe pale pale, na tangu hapo Leonard humlimia. Nje ya mkeka ule hakuna ajuaye, hata Raphael, mwana wa Paskalia aliyeko Dar, maana mama yake anaijua hasira yake. Leonard aliweza kusema kwa sababu alijua litaishia pale.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Irudishe kaseti kwa Catherine.

Mjomba wako,
Kasiani


Morogoro mjini
7 Aprili 2002

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Nimefurahi kusikia mdomo wa mkaza mjomba ni mzima. Kaseti anayo Catherine.

Usinikasirikie zaidi ya ulivyokwisha kukasirika. Nilipokuandikia mara ya kwanza, ukurasa nilikuwa nimeshauweka. Nilipiga hodi nikiwa ndani. Lakini nilikuwa mwangalifu. Leonard nimemwita "ndugu mmoja", Paskalia "mjane", na badala ya Matombo nimeandika "milimani kwetu". Mengine yote ni maneno yako, sijagusa hata nukta.

Na sikiliza. Mama mmoja wa Tukuyu ameniandikia kwamba alikuwa hasemi na dada yake tangu walipomzika baba yao. Alisoma, akafunga safari, wamelia pamoja mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa. Nimwambie nini huyu, kwamba hakustahili kusoma? Nakuheshimu, Mjomba, lakini sioni kwa nini neno jema liwe mali ya watu wachache wanaokaa karibu na wewe. Mnajiita kikundi cha sala lakini mnajifungia kama watu wa siri. Hilo na mimi linanikera.

Ukinyamaza nitajua umekubali.

Mpwa wako anayekupenda,
Judith


Matombo
2 Juni 2002

Judith,

Marahaba ya Aprili. Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika mkono ulitaka kutukana. Ukimya wangu ukauhesabu kuwa ndiyo, bila shaka.

Raphael amekuja kutoka Dar na karatasi mfukoni. Mwenzake kazini alizichapa kwenye kompyuta akamgawia, afurahie, kwa kuwa naye ni mtu wa milimani. Akasoma moto, akasoma mjane, akaanza kuhisi. Halafu akafika pale niliposema: "Mjomba wake, mpiga kengele wa misheni, akasimama badala yake akaomba radhi."

Wewe ni mtoto wa Uluguru au uliokotwa? Umemficha mtu ukamwacha mjomba wake amesimama wima! Kwetu mtu akikosa, mjomba ndiye husimama. Ukishamtaja mjomba, mpwa umemtaja na nyumba anayolala. Na mpiga kengele ana mpwa mmoja tu. Wazungu wako wa kwenye kompyuta wasingejua. Raphael alijua kabla hajageuza ukurasa.

Hakumpiga Leonard. Afadhali angempiga. Baada ya misa alisimama nje ya kanisa akasoma karatasi zote kwa sauti, watu wamejaa, na kila neno lilikuwa langu. Kisha akapanda shambani kwa Leonard akafyeka mdalasini wote. Leonard ameondoka na mkewe. Wengine wanasema yuko Mkuyuni kwa shemeji yake, wengine wanasema amevuka kwenda Dakawa. Sisi hakutuaga.

Nilikwenda kumpa pole Paskalia. Hasemi na mwanawe. Mimi alinikaribisha, akaniambia, "Kasiani, mimi nilisamehe mara moja nikamaliza. Sasa kila apitaye anataka nisamehe tena mbele yake, aone ninavyofanya."

Mjomba wako


Morogoro mjini
9 Juni 2002

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijui niulize vipi hali zenu wakati hali nimeiharibu mimi. Hata hivyo nauliza.

Ukurasa nimeufuta siku ile ile niliyopata barua yako. Lakini watu wawili walishaunakili wakauweka kwao, mmoja yuko ng'ambo. Nimewaandikia wote kuwasihi. Mmoja hajajibu. Mwingine amejibu kwamba neno jema halina mwenyewe. Nilisoma jibu hilo nikaona aibu, maana ni maneno yangu matupu.

Nimeomba ruhusa kazini. Nitapanda mwisho wa mwezi, Alhamisi nije mkekani nisimame mwenyewe, niseme ni mimi. Wakinitukana nitasikiliza. Nakuomba tu uniandalie njia kwa Paskalia.

Yule mama wa Tukuyu bado ananiandikia. Anauliza mengine yatatoka lini. Nimjibu nini?

Mpwa wako,
Judith


Matombo
23 Juni 2002

Mpwa wangu Judith,

Marahaba. Mkaza mjomba wako hajambo, uvimbe umepungua na sasa anakwenda mwenyewe kisimani. Wewe usiache kula kwa mawazo. Catherine anasema umekonda.

Umechelewa. Nimeshasimama. Ulidhani ningemngoja nani? Mama yako ni dada yangu. Nilisema kosa ni la nyumba yangu, na kaseti niliitoa mimi. Mpiga kengele ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa mkono, nami nikashindwa kumtazama usoni. Walinisamehe wote, Paskalia pia. Kusamehe wanakujua, hakuwasumbui.

Shida ilikuja Alhamisi iliyofuata. Tulikaa, tukasali, nikangoja wa kwanza kusema lake. Paskalia akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema mahindi ya mwaka huu si mabaya. Mwingine akaitikia kwamba nyani ndio wabaya. Tukazungumza mahindi na nyani mpaka jua likazama, tukaagana. Na Alhamisi hii iliyopita ikawa hivyo hivyo. Nimekaa na watu hawa tangu ujana wangu, na sasa wananiogopa kama karani wa mahakama.

Mama wa Tukuyu mwambie hakuna mengine. Nafurahi alipatana na dada yake, nasema kweli, na kufurahi huko kunanichoma. Mwambie akaketi na jirani zake mwenyewe, waanze na yao.

Wewe njoo. Hapa ni kwenu na hakuna wa kukufukuza, utapikiwa na utalala kitanda kile kile. Ila Alhamisi tukienda mkekani, utabaki nyumbani. Wenzangu ndio walioniomba nikuandikie hivyo, nami sikubisha.

Mjomba wako,
Kasiani