Marahaba ya Eva

Inatangazwa kwa familia nzima kwamba kifuniko cha chupa ya chai kimepatikana ndani ya buti langu.

Mama Eva, ndama bado hajanyweshwa maji.

Asubuhi Eva aliniamkia, "Shikamoo baba." Nilikuwa mezani nasahihisha daftari la tisini, nikamjibu kama mwanafunzi aliyechelewa, "Nenda nje, piga magoti." Akaenda, akapiga magoti kwenye matope. Ukasema, "Baba Eva, ukirudia tena, nampeleka kwa bibi yake kule Bashay."

~~Ulizidisha.~~ Ulisema kweli.

Marahaba yake nitaitoa mwenyewe jioni, mbele yako. Nilimwomba mwalimu mkuu anipunguzie darasa la watoto mia na kumi. Amejibu kwamba ataniombea kwa Mungu.

Kwa hiyo nimeamua rasmi: kuanzia leo madaftari hayatasahihishwa mezani. Yatasahihishwa kitandani.

Baba Eva